Lumbesa ya Mwenyekiti

Lumbesa naichukia kuliko ukungu wa viazi. Mnunuzi anapatana nawe gunia, halafu analijaza hadi mdomoni, analivika kilemba cha viazi, anazungushia kamba, na bado analiita gunia moja. Huku milimani juu ya Mbeya tumeizoea mpaka tunaona aibu kuilalamikia.

Jirani yangu Esnath alikataa. Dalali Didas alitaka magunia ishirini, naye akamjazia ishirini, yote yakaishia mdomoni, akayashona. Viazi vidogovidogo vilivyobaki akavitandaza darini vichipue. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake. Bila hiyo shamba lingelala msimu mzima.

Didas akamshitaki kwa Gideoni, mwenyekiti wetu wa kijiji. Lori la Didas lilisimama nje ya ofisi likiwa limeshapakia lumbesa za sisi waoga, na waoga wenyewe tulijazana mlangoni kusikiliza.

Gideoni hakuchelewa. "Mama, gunia la huku linajulikana. Desturi ni desturi. Kajazie kwa hivyo viazi ulivyoficha darini."

"Hivyo ni mbegu, mwenyekiti."

"Nimeshasema, kajazie."

Roho iliniuma. Didas alishaanza kukunjua kamba zake.

"Sawa," Esnath akasema. "Ila niulize kwanza. Tulipokuchagua tulikupa miaka mingapi?"

"Mitano."

"Ikijaa, tukushonee mingapi kwa juu?"

Tuliangua kicheko. Gideoni akagonga meza. "Miaka haiongezwi. Mitano ni mitano, hata mtoto anajua."

"Umeamua vizuri, baba. Na gunia ni gunia. Verediana, andika."

Verediana, karani wa kikao, akaandika bila kuinua uso.

"Unadharau baraza, mama."

"Sijadharau. Nimerudia maneno yako."

Mwenyekiti akatutazama pale mlangoni, mmoja mmoja. Uchaguzi ulibakiza miezi miwili, na kura zake zote zilikuwa zimesimama pale zikicheka. Akamwambia Didas apakie magunia ya Esnath kama yalivyo.

Sijui nguvu niliipata wapi. Nilipanda kwenye lori, nikachomoa kisu, nikakata kamba ya gunia langu la kwanza. Viazi karibu debe zima vikamwagikia kwenye khanga aliyoitandaza mke wangu chini ya lori. Nikahamia la pili.

Didas akapiga kelele kwamba namwibia mchana kweupe. Nikamwambia ofisi bado iko wazi, aingie akanishitaki.