Zamu ya Bakili

Kila Alhamisi saa kumi alasiri Bi Celina alifunga ubao mmoja wa mlango wa duka lake la vitabu, Mtaa wa Sikukuu, akapindua kreti nne za soda ziwe viti, na ile yenye msumari akaitandika khanga kuukuu. Ubao wa pili aliuacha wazi kwa ajili ya wateja, ijapokuwa mwaka ule wa 1983 wateja waliingia zaidi kuulizia sabuni. Duka lilikuwa na rafu nne. Moja ilikuwa na vitabu, moja ilikuwa na madaftari, na mbili zilikuwa zikingoja karatasi zipatikane nchini.

Chama cha wasomaji kilikuwa na wanachama wanne na nakala moja ya riwaya. Ilikuwa riwaya nene, kurasa mia tatu na kumi na mbili, habari za mhunzi mmoja na mabinti zake watatu, na kwa kuwa ya pili haikupatikana mjini kote, waliisoma kwa zamu. Kila mmoja alisoma kurasa mbili kwa sauti, akimaliza anasema, "Nimefika hapa." Jirani yake ananyoosha mkono, anasema, "Nimepokea," na kitabu kinahama. Mzee Polycarp, karani mstaafu wa bandarini aliyekuwa katibu wa chama bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa ameweka sharti kwamba msomaji asichomeke neno lake hata moja katikati ya zamu. Mwenye la kusema alisubiri apokelewe kwanza.

Sharti la pili lilikuwa la Celina mwenyewe, na hilo ndilo lililomponza mtu. Atakayefungua usomaji wa wiki inayofuata aliruhusiwa kwenda na kitabu nyumbani akajizoeze, lakini aache rehani. "Acha kitu ambacho usipokuwa nacho utakikumbuka," Celina alikuwa akisema, maana vitabu vyake vitatu vilishakwenda na maneno matamu na havikurudi. Mzee Polycarp aliacha saa yake ya mkononi. Zamda, muuza vitumbua, aliacha hereni. Mume wa Zamda, Bakili, mchukuzi wa mkokoteni pale sokoni, mtu wa Newala aliyejifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na tano, hakuwa na saa wala hereni. Aliacha kitambulisho chake cha kazi.

"Hiki si utakihitaji, Bakili?" Celina aliuliza.

"Mama Vitabu, Kariakoo hii nani asiyenijua?"

Celina akakiweka kwenye mkebe wa biskuti. Kwa kweli aliridhika. Aliona kwamba hapo sasa amepata rehani yenye uzito.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, hakukuwa na mzigo. Bakili alikaa juu ya mkokoteni wake kwenye kona ya Mtaa wa Congo akajizoeza ukurasa wa themanini na nane, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Lori la msako wa wasio na kazi likasimama mbele yake. Wengine wote pale kwenye kona walitimua mbio, wenye kazi na wasio na kazi. Bakili hakukimbia, kwa sababu kazi alikuwa nayo, tena alikuwa katikati ya sentensi. Wakamtaka kitambulisho. Akasema kimo kwenye mkebe wa biskuti, katika duka la vitabu. Wakacheka, na usiwalaumu sana, hata wewe ungecheka: mtu mzima na nguvu zake, saa nne asubuhi, anasoma hadithi, halafu anasema ana kazi! Wakampandisha na kitabu chake. Mkokoteni ulibaki pale hadi adhuhuri, kisha nao ukapata wenyewe wengine.

Zamda aliingia dukani na unga mikononi. "Nipe hicho kitambulisho," akasema, na hata shikamoo hakutoa. Wakakimbia wote wawili, lakini lori lilikuwa limeshaondoka. Limekwenda wapi? Shamba, kulima. Shamba lipi? Mashamba ni mengi, mama.

Kesho yake Celina alipanga foleni kwenye ofisi inayohusika tangu saa moja asubuhi, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la kitenge. Saa saba akafika dirishani.

"Ndugu, huyu mna makosa kumchukua. Kazi anayo. Kadi yake hii hapa."

Karani aliigeuza kadi mbele na nyuma. "Kadi nzuri. Mwenyewe yuko wapi?"

"Si mko naye nyinyi?"

"Basi mwambie aje nayo. Akiionyesha anaachiwa siku hiyohiyo."

"Atakujaje, na mmeshampeleka shamba?"

"Mpelekee huko aliko."

"Aliko ni wapi?"

"Hilo si la dirisha hili, mama."

Celina akaenda dirisha la pili, akaambiwa la tatu, na la tatu lilikuwa limefungwa. Alirudi Kariakoo kwa miguu. Moyo ulimuuma, na lililomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemfokea. Wote walikuwa wapole.

Alhamisi saa kumi alipindua kreti nne, kwa mazoea. Mzee Polycarp akaja, Zamda akaja na macho yamevimba, wakakaa. Kitabu hakikuwapo, kwa hiyo hapakuwa na la kusoma. Mzee Polycarp alikuwa anafungua daftari la mahudhurio pale kreti ya Bakili ilipolia kama inavyolia kreti ikikaliwa na mtu mzito, na sauti ya Bakili ikaanza ukurasa wa themanini na nane.

Alisoma vizuri, maana alikuwa amejizoeza. Zamda akasogeza kikapu chake ili asimbane miguu. Kwenye neno "fuawe", lile chuma la kufulia vyuma, Bakili akajikwaa, Mzee Polycarp akamsahihisha, na Bakili hakusahihika. Ndipo walipojua kwamba wao wanamsikia na yeye hawasikii.

"Bakili, uko wapi?" Zamda akamuuliza hata hivyo.

Mhunzi aliendelea kufua jembe. Mwisho wa kurasa mbili Bakili akasema, "Nimefika hapa."

Zamda akanyoosha mkono. "Nimepokea."

Mkono ukabaki pale hewani, hauna kitu. Bakili akangoja kiasi cha mtu kungoja mwenzake avae miwani, akakohoa, akaanza kurasa mbili za jirani yake, kisha za jirani wa jirani, na kila mwisho wa zamu akasema amefika na akangoja apokelewe. Saa kumi na mbili kreti ikalia tena, ikatulia. Chini yake palikuwa na udongo mweusi, mbichi, na vipande vya majani.

Zamda akaokota bonge moja, akanusa. "Huu si wa kwetu kusini. Huu wa penye maji mengi."

Ijumaa Celina alipeleka udongo ule dirishani ndani ya karatasi ya biskuti. Karani akautazama kwa makini, akakubali kwamba ni udongo, tena wenye rutuba. Akasema nchi hii ina mabonde mengi, tumshukuru Mungu. Akaurudisha.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Bakili alisoma, wao walisikiliza, Celina alifagia. Binti mkubwa wa mhunzi akaolewa. Wa pili akaugua. Kikohozi cha Bakili nacho kikazidi, na pengine alipumzika katikati ya mstari hadi Zamda akashika kifua chake mwenyewe. Siku moja, Bakili akiendelea kukohoa, Zamda alisema bila kumtazama Celina, "Nilikupa hereni zangu, ukazikubali. Zingetosha kuwa rehani yetu wote wawili. Kwa nini hukuzibakiza?"

Celina alikuwa amejiuliza hilohilo kila siku, akipika, akifunga duka, akisali. Angetaka Zamda amtukane, angepumua.

Mwezi wa tatu Celina alifanikiwa kumpata Ndugu Wilbert, ofisa wa juu ya yale madirisha, mtu mwenye suti ya kiofisa ya Chou En-lai iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alikubali kuja asikie mwenyewe. Alhamisi alifika kabla ya wakati, akapewa kreti ya Celina na chai ya rangi isiyo na sukari, akashukuru. Bakili akaanza. Ndugu Wilbert alisikiliza ameinamisha kichwa. Baada ya kurasa nne akamnong'oneza Mzee Polycarp, "Huyu binti wa tatu ndiye aliyeiba nyundo?" Akajibiwa kuwa bado haijajulikana.

Bakili aliposema amefika, na Zamda alipopokea hewa, ofisa akatoa fomu.

"Mnathibitisha kwamba huyu ndiye Bakili, mchukuzi?"

"Ndiye," wakasema wote.

"Hamna shaka?"

"Ndugu, mimi ni mkewe," Zamda akasema. "Kikohozi chake nakijua."

Ofisa akaandika kwa hati nzuri, akampa katibu asome kwa sauti, wote wasikie wanachotia saini. Mzee Polycarp akasoma: "Bakili Mtipa, mchukuzi, mwenye kitambulisho halali, amethibitishwa leo na mashahidi watatu kuwa yumo katika duka la vitabu, Mtaa wa Sikukuu, akisoma." Akasoma tena mara ya pili, akitafuta kosa kama alivyokuwa akitafuta kwenye hati za mizigo bandarini. Hakuliona. Kila neno lilikuwa kweli.

"Na sasa?" Celina akauliza.

"Sasa suala lake linakamilishwa."

Celina alitia saini kwa furaha. Mzee Polycarp akaweka ile yake yenye mkia mrefu. Ofisa alimtolea Zamda kidau cha wino wa dole gumba, Zamda akakisukuma pembeni. Jina lake alikuwa amefundishwa na Bakili, juu ya kreti hizohizo, na hii ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali kuandika kwa mkono wake. Aliandika herufi zote tano, polepole, akapuliza wino ukauke.

Walingoja wiki mbili. Zamda alifua shuka. Jumatatu ya wiki ya tatu Celina akarudi kwenye foleni, akafika dirishani saa saba kama desturi.

Karani akafungua jalada, akalifunga. "Hili limekwisha, mama. Mtu wenu yupo. Hapa pameandikwa yumo dukani kwako."

"Iliyopo ni sauti, ndugu yangu. Mwenyewe yuko shamba."

"Kama yuko shamba, nyinyi mlitia saini ya nani?"

"Ya sauti."

Karani akalifungua tena jalada, kwa moyo mwema kabisa, akapitisha kidole juu hadi chini. "Fomu haina mahali pa sauti," akasema. "Na mtu aliyeko Kariakoo hatuwezi kumrudisha Kariakoo. Tutamtoa wapi?"

Celina alirudi akamwambia Zamda maneno hayo kama yalivyo. Zamda alimsikiliza hadi mwisho. "Na mimi niliandika jina langu lote," akasema, akarudi kwenye vitumbua vyake, kwa sababu mafuta yalikuwa yanaungua.

Alhamisi iliyofuata Mzee Polycarp aliita mahudhurio. Alipofika kwa Bakili akanyanyua kalamu. Kreti ilikuwa imeshalia.

"Andika yupo," Celina akasema.

"Andika na mahali alipo," Zamda akasema.

"Daftari halina safu hiyo, binti yangu," Mzee Polycarp akajibu, na akaandika yupo.

Siku hiyo Bakili alikuwa amebakiza kurasa sita. Alizisoma kwa pumzi fupifupi. Binti wa tatu hakuwa ameiba nyundo, mhunzi mwenyewe ndiye aliyeisahau mtoni, na akafa kabla hajamwomba radhi. Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili ukaisha.

"Nimefika hapa," Bakili akasema.

Zamda akanyoosha mikono yote miwili. "Nimepokea, mume wangu."

Wakangoja. Nje mtu aliulizia sabuni, akaambiwa hakuna, akaenda zake. Kreti ikalia kidogo, kama mtu amegeuka akae vizuri, kikohozi kikaja na kupita, na Bakili akaanza ukurasa wa kwanza.

Celina akainuka, akachukua ufagio.