Zizi la Nkwabi

Trekta la kijiji lilikuwa limeshatiwa dizeli. Salvina alijua kwamba kesho yake asubuhi lingelima mahame yote ya ng'ambo ya mto, pamoja na zizi alimozikwa mumewe, Nkwabi.

Wanakijiji walihama huko wakati wa Operesheni Vijiji, wakajenga kwa mistari kando ya barabara ya Masumbwe. Milango ilibebwa, mapaa yakabebwa. Makaburi yalibaki, maana kwao mwenye kaya huzikwa zizini, kati ya ng'ombe wake. Sasa halmashauri ya kijiji ilitaka shamba la pamoja la pamba lianzie kwenye mazizi hayo, palipo na samadi ya miaka mingi.

Kwenye mkutano wa jioni hiyo, mwenyekiti Onesmo alipouliza kama kuna mwenye neno, Salvina alisimama, akakaza kanga yake.

"Shikamooni, wazee. Mume wangu yuko kwenye shamba hilo."

"Marahaba, Mama Limi. Tunajua," Onesmo akasema. "Lakini tukimwachia mmoja kipande, kila mtu atadai chake."

"Na marehemu mwenyewe hajadai," mjumbe Masele akadakia. "Pamba ikistawi juu yake, si heshima hiyo?"

Watu wakacheka. Salvina akawasubiri wamalize.

"Masele, ng'ombe wako alikatiza zizi la Nkwabi mara moja tu, ukafukuzwa kwa fimbo mpaka mtoni. Leo unamwendea na trekta kwa kuwa hawezi kuinuka?"

Kicheko kikamgeukia Masele. Salvina hakukaa.

"Baba yako tulimzika wapi?"

Masele akainama. Baba yake alizikwa mahame ya jirani, zizini, na Salvina ndiye aliyewapikia wachimba kaburi uji.

"Na wako, mwenyekiti?"

Salvina alizitazama nyuso za wajumbe, akaelewa. Kila mmoja alikuwa na mtu wake kule, na kila mmoja alinyamaza asije akaitwa mpinga ujamaa.

"Mimi silalamikii kuhama," akasema. "Nimejenga, na zamu yangu ya shamba sikosi. Naomba trekta lizunguke mazizi. La kwangu nitalipandia minyaa, dereva aone kwamba hapo ni kwa mtu."

"Wanaokubali?" Onesmo akauliza, sauti imeshuka.

Mikono ikainuka. Masele aliinua yote miwili.

"Mmoja unatosha, Masele."

"Huu mwingine ni wa baba."

Alfajiri Salvina alivuka mto na mzigo wa minyaa kichwani. Katika mahame ya ukoo wa Onesmo alimkuta mwenyekiti amekunja mikono ya shati, anachomeka matawi ya minyaa, vidole vimejaa utomvu wake mkali.

"Usijishike macho, Baba Ignas," akamwambia, akapita.

Trekta liliposikika likivuka mto, Salvina alikuwa ameshalizungushia zizi minyaa, amebakiza lango tu. Hakuliziba. Aliliacha wazi upande uleule ambao ng'ombe wa Nkwabi walizoea kuingilia jioni.