Maabara ya Asubuhi

Kapinga alikuwa msaidizi wa walimu katika chuo cha ufundi hapa Kolwezi. Mwaka mzima alifanya utafiti juu ya jambo moja: mbona wasichana wanaingia mwaka wa kwanza, na wa pili hawaonekani? Wakubwa walisema wanaolewa. Kapinga akaenda majumbani kwao, hadi mtaa wa Mutoshi, akawakuta hawajaolewa, wanauza mikate. Kumbe maabara ya kemia ilikuwa ikimalizika giza limeingia, mabasi yalikuwa yamekufa, na wazazi hawakutaka binti zao warudi kwa miguu.

Kabla hajaisoma kazi hiyo mbele ya baraza la chuo, wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, waliamriwa na wakuu wa jimbo warudi kwao. Kapinga alihesabiwa kati yao, ingawa alizaliwa Kolwezi, baba yake pia. Yeye na familia yake wakaenda stesheni na magodoro yao kungoja treni, pamoja na maelfu ya wengine.

Mkurugenzi, Tata Mbayo, akamwita Godelieve, mtu wa kaskazini ya Katanga, jimbo letu, ambaye amri haikumgusa, aliyekaa ofisi moja na Kapinga.

“Utasoma weye. Tia jina yako.”

“Tata, hii kazi si yangu.”

“Baraza bakisikia jina ya Kapinga, batakatala.”

Siku ya baraza Godelieve alisimama. “Hii ni kazi ya Kapinga,” akasema. “Yeye eko ku stesheni.” Kisha akasoma yote.

Mwalimu mmoja akauliza kama chai ipo. Tata Mbayo akaitazama ratiba, akasema maabara inaweza kuhamia asubuhi, maana saa zile zilikuwa wazi: waliofundisha saa hizo nao walikuwa stesheni. Hakuna aliyepinga.

Godelieve akampelekea Kapinga habari, na unga kidogo.

“Balikubali.”

“Sababu ya utafiti?”

“Hapana, sababu saa ziko wazi. Baprofesa beko hapa.”

Kapinga akacheka mpaka mama yake akageuka. Halafu akauliza, “Sasa kemia, nani atabafundisha?”

“Njo mi mwenyewe. Hakuna mwingine.”

“Weye? Unajua kemia?”

“Hapana.”

Kapinga akamwita Tata Tshiamala, profesa wa kemia, aliyekuwa ananyoa ndevu kando ya reli. Tangu siku ile Godelieve alikuja kila alasiri, akakaa juu ya godoro kama mwanafunzi. Treni ilipofika walikuwa bado kwenye somo la asidi. Tshiamala aliendelea kueleza kutoka dirisha la behewa, na Kapinga akamwambia Godelieve aandike, asilie.

Muhula ulipofunguliwa, Godelieve alipita Mutoshi nyumba kwa nyumba. Wasichana wachache walirudi. Asubuhi ya kwanza ya maabara alivunja chupa mbili. Hakuna aliyecheka.