Ripoti ya Pili ya Saladi

Jamilabai alinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia kwamba anataka kumwachisha kazi mtunza bustani wake, na kwamba kabla ya hapo anahitaji karatasi yangu.

"Saladi zimekuwa njano tena, Mwalimu. Kama mwaka jana. Njoo utazame, uandike, nimtoe Ijumaa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilifundisha kemia miaka thelathini na moja, na tangu nistaafu watu wa Lindi mjini huniita niwatazamie vitu: maji ya kisima, dawa ya mende, sabuni inayowatoa watu vipele. Siombwi huruma, naombwa jibu. Jamilabai ana duka la vyombo, na nyuma ya duka, uani, ana kitalu cha wavu, alichokianzisha mwaka jana, ambamo saladi huota bila udongo. Miche husimama kwenye matundu ya mabomba ya plastiki, mizizi ikining'inia ndani, na pampu huzungusha maji yenye mbolea kutoka kwenye pipa la bluu. Anayechanganya mbolea hiyo ni Ambrosi, mtu wa Kilangala, baba wa watoto wanne. Kabla yake alikuwa Faustino, na Faustino alifukuzwa kwa karatasi yangu.

Nilimkuta Ambrosi mlangoni mwa kitalu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Niambie unachoweka. Usiniambie unavyojisikia."

Aliniambia. Mbolea hii vijiko kadhaa, ile vijiko kadhaa, ya chuma viwili na nusu kwa pipa, na kila kijiko hukifuta juu kwa kisu kisizidi. Kisha akaleta mfuko wa plastiki uliojaa pakiti tupu.

"Sikutupa hata moja. Nilijua utakuja."

Nilizihesabu. Zilikuwa sawasawa na maneno yake. Nikainama kwenye mabomba.

Majani husema, ukijua wapi pa kutazama. Yakianza kuwa njano yale makongwe ya chini, mmea hauna naitrojeni ya kutosha, unajila wenyewe ili kulisha machanga. Hapa ya chini yalikuwa kijani safi. Yaliyopauka ni machanga ya katikati, na hata hayo mishipa yake ilibaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma, haina ubishi. Mwaka jana niliona hivihivi, nikaandika kwamba mchanganyaji hakuweka chuma cha kutosha. Faustino aliapa kwamba aliweka. Nilikuwa nawahi basi la Dar, na karatasi zangu za kupimia nilikuwa nimezisahau nyumbani. Jamilabai akamtoa, akaongeza chuma kama nilivyoagiza, na baada ya majuma matano saladi zikapona. Nilipewa sifa na fungu la giligilani.

Safari hii karatasi nilikuwa nazo. Nilichovya moja kwenye pipa ili kusoma pH, ile namba inayoonyesha kama maji yameelekea kwenye ukali wa ndimu au kwenye ukali wa magadi. Saladi hupenda sita. Karatasi iligeuka ikasema nane na zaidi.

"Ni mbaya?" Ambrosi aliuliza.

"Chuma kimo. Umekiweka. Lakini maji yakielekea kwenye magadi hivi, chuma kinagandamana na mmea hauwezi kukinywa. Ni kama chakula kimefungiwa kabatini na ufunguo haupo."

Nilisema hayo kwa sauti ya darasani, na nilipomaliza ndipo nilipojisikia. Kama chuma kimo na mmea haukinywi, basi mwaka jana pia huenda kilikuwamo. Nikauliza, kwa ukali zaidi ya ilivyostahili, maji ya pipa yanatoka wapi.

"Birikani, Mwalimu. Ya bomba yanatoka siku mbili tu kwa wiki."

Birika la nyumba ile ni tangi la maji lililo chini ya ua, limejengwa kwa mawe na baba mkwe wa Jamilabai. Nilishusha ndoo, nikapima. Tisa na ushei. Nikamulika tochi ndani. Kuta zilikuwa nyeupe kama kanzu ya Idi.

"Nani kapaka chokaa?"

"Mimi. Mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine." Alitazama chini. "Kila mwezi wa Shaabani Mama anataka birika likaushwe, lisuguliwe, lipakwe chokaa mpya, ndipo lije boza kulijaza. Ramadhani watu wa mtaa wote wanachota hapa ya kufuturia. Anasema maji ya sadaka hayakai penye uchafu."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana alipaka Faustino. Nilikuwa kibarua wake siku hiyo, yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kukoroga."

Sikuhitaji tena kuuliza kwa nini zilipona. Chokaa mpya huachia ukali wake kwenye maji kwa majuma kadhaa, kisha hutulia. Saladi zilipona zenyewe, chokaa ilipokomaa, nami nikapokea giligilani.

Hata hivyo nilishakisia mara moja, sikutaka kukisia mara ya pili. Nilimwambia Ambrosi alete mabeseni mawili na miche kumi iliyopauka. Beseni moja tulitia maji ya birika, jingine maji ya bomba kwa jirani, ambayo yalisoma saba. Mbolea ilikuwa ileile, mkono uleule, kijiko kilekile. Ijumaa, miche mitano ya maji ya bomba ilikuwa imechomoza vijani vipya vya kijani. Mitano ya birika ilikuwa imezidi kupauka.

Nilimngoja Jamilabai amalize sala, nikampelekea mabeseni yote mawili dukani. Ana miaka sabini na sita na hapendi kuzungushwa, kwa hiyo sikumzungusha.

"Ambrosi hana kosa. Ni chokaa ya birika."

Aliinamia mabeseni. Akagusa jani la njano, akagusa la kijani.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni chokaa."

"Chokaa ni yangu, Mwalimu. Usinifunikie." Akavuta ushungi. "Watu je, maji hayatawadhuru?"

"Mwaka huu wasiyanywe mpaka niyapime tena. Miaka ijayo lipakwe mapema, maji ya kwanza yamwagwe. Na saladi zisipewe maji yoyote kabla Ambrosi hajayapima. Nitamfundisha."

"Ambrosi atabaki." Alilisema hilo kama anayefunga droo. Kisha akaniuliza nililokuwa nikilikimbia wiki nzima. "Na Faustino?"

Nikasema, "Nilikosea." Ni neno fupi na sijalizoea.

"Wewe ulikosea kwa kalamu. Mimi nilitangaza mtaa mzima kwamba alikuwa akiiba mbolea. Nenda kwake. Mimi miguu hainifikishi Somanga, lakini mwambie nitampigia leo jioni, na mtaa nitauambia mwenyewe."

Kesho yake nilikuwa Somanga. Faustino hukaanga mihogo kando ya barabara kuu pamoja na mkewe, Magdalena. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akaniamkia kwa heshima ileile ya zamani. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilimweleza yote: chuma, pH, chokaa, mabeseni. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mihogo iliungua kidogo na mkewe akaitoa.

"Kwa hiyo niliweka," alisema.

"Uliweka."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mwalimu, nilikataa siku tatu. Mke wangu ni shahidi. Siku ya nne nikajiambia, huyu amesoma, ametazama majani, mimi ni nani? Nikaanza kukumbuka siku ambayo labda nilisahau. Nikaikumbuka kabisa, na mvua iliyonyesha siku hiyo. Nikamwambia Magdalena, kweli nilikosa. Akanisamehe. Nikaenda kwa padri nikaungama." Akanitazama. "Sasa ile siku niliyoikumbuka ilikuwa nini?"

Mtu aliniamini kuliko alivyoiamini mikono yake mwenyewe, na mimi sikuwa nimechovya hata karatasi. Niliona aibu, na siipambi kwa jina jingine.

Nilitoa karatasi mkobani, nikaandika palepale juu ya benchi, nikaweka tarehe na sahihi. Nikampa. Hakuipokea.

"Isome kwa sauti. Magdalena asikie."

Nikasoma: Mimi Bertha, mwalimu mstaafu, nathibitisha kwamba ripoti yangu ya mwaka jana haikuwa ya kweli. Sikupima maji. Faustino aliweka chuma kama ilivyotakiwa. Madereva wawili waliokuwa wakila waliacha kutafuna. Magdalena alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Soma tena, Mwalimu," Faustino alisema. "Pale penye aliweka."

Nikasoma tena.