Giza Nyuma ya Jiko la Bibi

Watu wa Ng'ambo niliwanyima miguu. Sikuwakata, niliwapa tu hatua fupi, za mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Nikawapa na macho mabovu, mishale inayoanguka njiani kabla haijafika, na kiongozi mwenye kitambi na kofia ya pama iliyokaa upande. Mtu yeyote wa Nyamwaga akiiona kofia ile anajua ni ya nani. Nilitaka ajue.

Mimi naitwa Mogesi, binti wa Mniko, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Gemu lenyewe tuliliita Boma, na tulilitengenezea Tarime mjini, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Dullah, anakopiga picha za paspoti na kutoa kopi za vyeti vya watu. Yeye alichora, mimi niliandika sheria. Ni mchezo wa vita vya zamani, kabla Wajerumani hawajafika huku kwetu, na hauchezwi kwa zamu: wakati unajenga, mwenzako naye anajenga, na anayezubaa anaamka hana kitu. Ng'ombe ndio kila kitu. Kwa ng'ombe unaoa, wake wanazaa, vijana wanakua, ndipo unapata wa kushika mikuki. Ukiibiwa ng'ombe umepoteza na watoto ambao bado hawajazaliwa. Sheria hiyo sikuitafuta mbali, niliishi ndani yake.

Nilipokuwa kidato cha pili wezi waliingia kwetu Nyamwaga usiku wakachukua zizi zima. Kaka yangu Emanueli aliwafuata kwa nyayo pamoja na majirani mpaka mtoni, akarudi amebebwa, mshale kwenye nyonga. Mpaka leo anatembea kwa fimbo. Mmoja wa wezi hao Emanueli alimtambua kwa sauti, akamtaja bila woga: Nchagwa, mtu wa ng'ambo ya mto. Ikaitishwa iritongo, baraza la wazee wetu wa mila, ambako mtu akishaapa hakuna wa kumbishia. Nchagwa akaapa. Alisema hajawahi kukanyaga mji wa Mniko, yaani boma letu, hata lango lake halijui linatazama wapi. Kisha akaongeza la kwake: lango lilikutwa halijavunjwa, limefunguliwa kutoka ndani, basi mwenye ng'ombe amewauza mwenyewe kule Sirari mpakani na sasa anawalilia wazee machozi ya uongo. Watu wakaliona neno hilo lina uzito. Baba yetu, tuliyemwita Tata, alikufa akiitwa mwongo.

Wiki chache baada ya baraza, bibi alihamisha kuni zilizopangwa nyuma ya jiko lake, tukauona mwanya. Minyaa ya uzio ilikuwa imekatwa chini kabisa, mtu anapita kwa kutambaa, na matawi yamerudishiwa kuficha. Wezi waliingilia hapo, wakazunguka, wakafungua lango kwa ndani. Nilitaka kukimbia kuwaita wazee. Tata akanishika mkono.

"Watasema tumetoboa wenyewe," alisema. Akaleta mawe, akaziba, akatukataza kuutaja mwanya ule kwa mtu yeyote. Mimi nilidhani anaona aibu.

Sasa unaelewa kwa nini ramani ya kwanza ya Boma ilikuwa mji wetu. Lango, zizi, nyumba ya Tata, jiko la bibi, vyote nilivipanga kama vilivyokuwa. Dullah alicheka sana. "Mogesi, kabla ya Wajerumani bibi yako alikuwa na jiko la bati?" Nikaling'oa bati, nikaezeka nyasi. Ila mpangilio sikuugusa.

Kuhusu Watu wa Ng'ambo tuligombana kweli.

"Upande mmoja ukishindwa kila siku, nani atakubali kuucheza?" Dullah aliniuliza. "Gemu la namna hii lazima pande ziwe tofauti lakini nguvu zitoshane. Hawa umewaua kabla vita havijaanza."

"Ndiyo maana yake."

"Hiyo siyo historia, hayo ni matusi."

"Basi yachore vizuri," nilimwambia.

Niliipanga siku yangu. Tungelizindua gemu Nyamwaga kwenyewe, katika ukumbi wa kanisa, tuwaite wazee waje kuona vita vya babu zao vikipigwa ukutani kwa projekta. Na Nchagwa ningemwalika mimi mwenyewe, nimweke mstari wa mbele, awatazame watu wake wakichinjwa na ng'ombe wa Mniko wakiongezeka. Dullah angecheza upande wa Ng'ambo na kupigwa. Usiku nilikuwa nikiuwazia uso wa Nchagwa, nalala nikitabasamu.

Siku ya majaribio ya mwisho Emanueli alikuja dukani, akaketi nyuma yetu, mguu mbaya ameunyoosha. Alitazama mchezo, kisha akaniuliza, "Nyuma ya kuni za bibi umeweka mwanya?"

"Sijaweka."

"Weka."

Nikaweka. Halafu tukafika kwenye suala la giza. Katika gemu hizi ramani huanza nyeusi yote, na inafunguka pale tu walipofika watu wako. Mimi siku hiyo ya ukumbini nilitaka kulitoa giza. Nilitaka ukuta uonyeshe kila kitu, pande zote mbili, Nchagwa asikose hata pigo moja.

"Libaki," alisema Emanueli.

"Kaka, wazee hawataelewa. Wataona weusi tu."

"Wezi walikuja gizani. Ukiwasha taa mji mzima, hiyo itakuwa vita gani? Libaki, na ukuta uonyeshe anachokiona yule anayevamia. Basi."

Dullah alikubaliana naye papo hapo. Mimi niliona wananipunguzia utamu, lakini ni nani angembishia Emanueli habari za usiku ule? Nikanuna, nikaliacha giza.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wazee wa mila walikaa mbele na fimbo zao, mwenyekiti wao katikati. Nchagwa aliingia amevaa koti na kofia yake ya pama, akasalimia watu huku na huku kama bwana harusi. Alipofika kwangu ilinibidi niseme.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa Mniko. Nasikia umekuwa fundi."

Nilimwonyesha kiti nilichomwandalia, nikaenda kwenye kompyuta yangu nikilamba midomo.

Dullah aliinuka akawaeleza wazee sheria, kwa ufupi na kwa mizaha. Alipotaka kukaa upande wa Ng'ambo, Emanueli alikuwa ameshafika pale na fimbo yake.

"Nitacheza mimi," alisema.

Siku hii nilikuwa nimeiandaa kwa ajili yake, sasa nimpige yeye? Nilimkazia macho aondoke. Alivuta kiti, akaketi, akashika kipanya, wala hakunitazama. Kiongozi mwenye kofia akatokea ukutani, ukumbi ukaangua kicheko, na Nchagwa naye akacheka, akaigusa kofia yake. Kicheko chake kilikuwa kifupi.

Tukaanza. Mimi nilijaza vijana langoni, ng'ombe wangu wakawa wanazaana. Emanueli akaleta Watu wake wa Ng'ambo kwa zile hatua zao za kusikitisha, wakagonga lango, wakapigwa. Akawarudisha nyuma, akaenda kulia kidogo, akasimama, akarudi palepale langoni. Wakapigwa tena. Watoto dirishani walizomea. Wakati mwingine ningeshangilia, lakini nilikuwa najiuliza kaka yangu ana nini. Dukani aliwahi kumshinda Dullah kwa jeshi hilihili bovu.

"Mbona wanatembea hivi?" Nchagwa aliuliza kwa sauti. "Watu wetu hawatembei hivi."

"Ndivyo walivyotengenezwa, mzee," alijibu Emanueli kwa upole, akawapeleka langoni tena.

Nchagwa akaanza kutotulia. Alivua kofia, akaivaa. Alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Unajua mtu aliyekuwa na sifa ya kazi fulani ujanani anavyokuwa akimwona mwingine anaiharibu mbele za watu? "Mura, kijana wewe, acha lango," alisema. "Lango lina walinzi. Huwezi kuingia langoni."

"Sasa nipite wapi, mzee? Uzio umenizunguka." Na akawatuma waliobaki palepale. Wawili wakaanguka, kiongozi mwenye kofia akageuka kukimbia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nchagwa akasimama wima.

"Wewe! Acha lango nimekwambia! Zunguka nyuma, kule kwenye jiko la bibi, nyuma ya zile kuni! Kata minyaa chini, watambae, wafungue kwa ndani!" Na fimbo yake ikanyooka kuelekea kona ya juu kushoto ya ukuta.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuwapeleka walinzi kule jikoni, nimzuie. Ndipo ukaganda. Nilinyanyua kichwa nikatazama ukutani, pale fimbo ilipoelekea.

Palikuwa peusi tupu.

Emanueli alitoa mkono kwenye kipanya. "Jiko lipi, mzee?"

"Si hilo ha..." Fimbo ya Nchagwa ilibaki hewani.

"Hapo pana giza," alisema Emanueli. "Mimi mwenyewe sijafika."

Emanueli alikishika tena kipanya, akawachukua watu wake watatu waliobaki, akawapitisha kando ya uzio kuelekea pale. Zile hatua fupi nilizowapa kwa chuki! Walikokotana, walikokotana, ukumbi mzima unawasubiri, na Nchagwa amesimama hana pa kukaa. Giza likaanza kupasuka mbele yao kidogokidogo. Likaonekana paa la nyasi. Likaonekana rundo la kuni. Nyuma ya kuni, chini kabisa kwenye minyaa, mwanya wa kutambaa mtu mmoja. Wakapenya, na nyumba na zizi navyo vikafunguka.

Mwenyekiti wa wazee wa mila aliinuka, akausogelea ukuta karibu sana, kivuli chake kikaangukia zizi. Alitazama lango, akatazama nyumba, akatazama jiko.

"Huu ni mji wa Mniko," alisema. "Nimekunywa uji hapa." Akageuka. "Nchagwa, ulituapia kwamba hata lango lake hulijui."

"Nimebahatisha tu, mzee. Kila mji una jiko."

"Ukabahatisha na kuni? Ukabahatisha na kukata chini?"

Emanueli aliinuka kwa fimbo yake, akaeleza habari za mwanya ule, tulivyouona na Tata alivyouziba. Alisema mawe yako palepale, anayetaka aende akayatazame. Hakupandisha sauti. Nchagwa alitafuta mlango kwa macho, lakini njia ya katikati ilikuwa imejaa watu, na hakuna aliyesogea kumpisha. Mwenyekiti akatangaza kwamba iritongo itakaa upya, na kwamba kabla ya yote, jina la Mniko linasafishwa mahali palepale lilipochafuliwa.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikalia mbele za watu, na nilitaka Nchagwa aone ninavyolia. Alitoka ameinamisha kichwa. Hakuna mtu aliyempa shikamoo.

Nje nilimkuta Emanueli ameegemea ukuta wa kanisa, anajinyoosha nyonga.

"Kumbe ulipanga," nilisema.

"Tata ndiye aliyepanga. Aliniambia tusiutaje mwanya ule kwa mtu, maana siku moja mwizi mwenyewe atautaja. Mimi nilikuwa nasubiri tu pa kumwotea. Wewe ukanitengenezea."

"Mbona hukuniambia?"

"Uso wako haujui kuficha kitu. Ungekaa unamtazama yeye, angeshtuka." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa warudishie miguu."

"Nani?"

"Watu wa Ng'ambo."

Nilidhani anatania. "Hao? Baada ya yote haya? Kaka, wamekulemaza!"

"Wamenilemaza, ndiyo." Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona amekasirika. "Usiku ule niliwafukuza toka nyumbani mpaka mtoni. Walikuwa na mbio, Mogesi, wanaona gizani kama mchana, na mimi nilibakiza kidogo tu niwashike. Nilikuwa na mbio kuliko kijana yeyote wa Nyamwaga. Ukiwafanya wao vile vilema wa kuchekwa na watoto dirishani, mimi niliyepigwa nao nilikuwa nini?"

Nilikuwa nimejenga kisasi chake kwa miaka, na hata siku moja sikuwa nimemuuliza anakitaka cha namna gani. Nilimshika mkono, tukashuka polepole kwa mwendo wake mpaka pale Dullah alipokuwa anapakia projekta.

Jioni ile dukani nilifungua kompyuta. Niliwarudishia miguu, nikawarudishia macho, na mishale yao nikaipa nguvu ya kufika. Dullah aliwajaribu, wakanipiga mara ya kwanza na ya pili, naye akasema sasa hili ndilo gemu.

Kofia nimeiacha palepale.