Miguu ya Tangi

Mama yake alikata kiazi vipande vyembamba, akamwekea machoni.

Mwanaima alikuwa amelala chali juu ya mkeka, nyumbani kwao Mkongani. Macho yalimwaka kana kwamba yametiwa mchanga na pilipili. Tangu asubuhi alikuwa akichomelea vyuma shuleni kwa kinyago chenye kioo kilichopasuka, na mwanga ulimpenya kwenye ufa. Kila fundi wa vyuma ameshaugua macho hayo. Kiazi hupoza, lakini hakiondoi nukta.

Alizifumbia macho, bado akaziona. Nukta za kijani, kila mguu wa mnara wa tangi la maji ulipokutana na mhimili. Kazi ilivyo, kwanza unashika: nukta ya moto hapa, nukta pale, ili chuma kisimame sawa. Kisha unajaza. Unapitisha moto kuzunguka kiungo chote, unagonga gamba jeusi kwa nyundo, unatazama kama kuna tundu. Mnara wa kwanza wa shule aliushika tu. Kabla hajajaza, mwenye kandarasi alileta wapaka rangi.

"Rangi nayo inashika," alimwambia, akacheka.

Tangi likapandishwa, likajazwa maji. Mvua za masika zilikuwa hazijakwisha lilipomwangukia na kumuua Ummi, mtoto wa Tsofa, ameinama akinawa miguu.

Tangu siku hiyo, kila Mwanaima alipogonga gamba, alisikia mtu akijibu kwa kugonga kutoka ndani ya bomba. Alikuwa ameacha kumwambia mama yake.

"Hodi hapa."

Alikuwa Abdulwahab, mwenye kandarasi yule yule. Mnara wa pili pia alipewa yeye. Aliingia bila kuvua viatu.

"Pole, fundi. Macho tena?"

"Nilikuomba kioo, Bwana Abdulwahab. Ukunda vimejaa tele."

"Utapata. Kesho wageni wanafika. Umebakisha nini?"

"Kujaza. Miguu yote nimeshika tu. Nipe jenereta alfajiri nijaze kila kiungo. Na safari hii sitaki rangi wala tangi kabla sijamaliza."

Abdulwahab alichuchumaa karibu na kichwa chake. Alinukia udi.

"Sikiliza, dada. Ripoti ilisema ni upepo ulioliangusha tangi lile. Mimi nilishukuru, na wewe ulishukuru. Anayetaka isiwe upepo ataulizwa ni mkono wa nani uliochomelea. Wangu? Mimi hata kiberiti kinaniunguza."

Mama yake Mwanaima alitazama kisu chake cha viazi.

"Nipe jenereta," Mwanaima alisema.

"Itakuwepo inshallah."

Na kweli ilikuwepo. Kulipopambazuka alijaza mguu wa kwanza, machozi yakimtiririka chini ya kinyago. Mshono ulitoka mzuri, kama magamba ya samaki yaliyolaliana. Aligonga, akasikiliza. Chuma kilijibu kama chuma. Akahamia wa pili. Alikuwa amefika katikati moto ulipokufa mkononi mwake.

Alivua kinyago. Wanaume wawili walikuwa wameichomoa jenereta na kuibeba kuelekea kwenye hema la wageni.

"Nyinyi! Rudisheni hiyo!"

"Vipaza sauti haviwaki kwa dua, fundi," mmoja alijibu bila kugeuka.

Alimkimbilia mwalimu mkuu, Jecinta, aliyekuwa akipanga viti.

"Mwalimu, mnara haujakamilika."

"Wageni wakiondoka utamalizia."

"Basi tangi lisitiwe maji."

"Mgeni afungue mfereji utoke upepo?" Jecinta alisema, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Wametuahidi bweni, Mwanaima. Nikiwaaibisha leo, watoto hawa watarudi kunywa bwawani. Na bwawa nalo linaua. Au umesahau?"

Nyuma yao winchi ilikuwa ikilipandisha tangi. Lori la maji lilisubiri, mpira umeshakunjuliwa. Wapaka rangi walikuwa wamefika mguu wa tatu, na kila walipopita nukta zilizama ndani ya samawati.

Tsofa alikuwa amekalishwa mstari wa mbele, ua la plastiki kifuani. Aliinuka, akaja hadi mnarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na macho."

"Yameshapoa."

Mzee aliugonga mguu wa tatu kwa vifundo vya vidole, rangi mbichi ikamganda. "Huu ni imara?"

Hatua chache kutoka hapo Abdulwahab alikuwa akipokea salamu za watu. Aligeuza shingo, akamtazama Mwanaima.

"Ni imara," Mwanaima alisema.

"Alhamdulillahi. Maana mdogo wake Ummi ndiye atakayekunywa wa kwanza. Wamenifanyia heshima."

Alirudi kwenye kiti chake akijifuta vidole kwa leso.

Mheshimiwa, mgeni wa heshima, alihutubu kwa muda mrefu. Maji yaliendelea kupanda tangini. Mwanaima aliuzunguka mnara, akajibana kwenye mguu wa tatu, akaukumbatia kwa mikono miwili, shavu kwenye bomba. Rangi ilimpaka usoni. Mtoto akaitwa, amevalishwa sare mpya inayomzidi, akapewa kikombe. Aliinama chini ya mfereji, vile vile alivyoinama Ummi.

"Watoeni watoto!" Mwanaima alipaza sauti. "Watoeni hapa!"

Jenereta ilikuwa ikinguruma. Kwaya ilikuwa imeanza kwenye vipaza sauti.

"Yule mama anasemaje?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ndiye fundi wetu," Abdulwahab alijibu. "Anasema karibuni."

"Fundi mwanamke! Mmeona hayo? Mpigeni picha." Mheshimiwa alichukua kipaza sauti. "Mama, achia bomba kidogo tukuone uso!"

Hakuachia.

"Jamani, anavyoipenda kazi yake!"

Hema zima likapiga makofi. Tsofa naye alipiga, taratibu, vidole vikiwa bado na samawati.

Ndani ya bomba, kwenye shavu la Mwanaima, kitu kiligonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena, karibu zaidi.

"Mtoto mmoja hapendezi," mpiga picha alilalamika.

"Kweli," alisema Mheshimiwa. "Haya, watoto wote! Jongeeni hapa chini ya tangi, mwonekane."

Wakaja mbio, na Mwanaima akakaza mikono.