Sijambo ya Bi Tatu

Tangu saa moja asubuhi Mauza alikuwa kwenye benchi la zahanati moja ya ghorofani, Kariakoo, na mama yake kamwegemea begani. Bi Tatu, miaka sabini na tisa, alikuwa na nundu kwenye paji la uso. Aliipata juzi, alipoanguka chooni, mara ya pili mwezi huo. Mauza hakufuata dawa. Alikuja kuomba kidonge kimoja kiondolewe, kile cheupe cha usingizi. Tangu kianze, mama aliyeshona kofia za mkono maisha yake yote alikuwa akijichoma sindano vidoleni, na jana alimwita Mauza kwa jina la dada yake marehemu.

Walipoitwa ndani, daktari hakuinua macho kwenye simu.

"Shikamoo bibi. Hujambo?"

"Marahaba, baba. Sijambo, alhamdulillahi."

Akaandika. Mauza aliyasoma maneno akiwa upande wa pili wa meza: anaendelea vizuri, aendelee na dawa. Mficha maradhi kilio humfichua, tunasema, lakini Bi Tatu hakuficha kitu. Aliitika salamu kama alivyolelewa. Sasa ndiyo vipimo hivyo?

"Dokta, mama anaanguka," Mauza akasema. "Mikono inamtetemeka, akili inakuja inapotea. Ni kile cha usingizi."

"Wewe nesi?"

"Nauza vitenge."

"Basi huo ni uzee. Namwongezea cha kutuliza mikono, na cha maumivu."

Kidonge cha kutibu kidonge. Mtu yule hakuigusa nundu, hata presha hakupima.

Chini, kwenye duka la dawa, muuzaji aliyeitwa Leticia alikisoma cheti, akachungulia mlangoni kwanza.

"Mama, hiki cheupe wazee hawapewi hivihivi. Kinawalewesha, wanaanguka. Ila usikikatishe ghafla, daktari ndiye amshushie dozi. Na mimi sijakwambia kitu."

Wakapanda ngazi tena, Bi Tatu akishika ukuta. Mauza akaingia bila hodi, akasema yote isipokuwa jina la Leticia. Daktari hakubishana naye. Akamgeukia mzee kwa sauti laini.

"Bibi, eti unaumwa?"

Bi Tatu aliwatazama watu waliojaa mlangoni, akauvuta mtandio ukafunika nundu.

"Hatujambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

"Umemsikia mwenyewe," daktari akasema. "Anayefuata."

Mzee mmoja mwenye bakora akapita, akaketi kitini. Mauza alimshika mama yake mkono, akasimama kizingitini, akawageukia wazee wa kwenye benchi.

"Shikamooni wazee wangu. Nani hapa kapewa kidonge cheupe cha usingizi?"

Walitazamana. Mkono mmoja ukainuka, mkavu, wenye pete ya fedha. Ukafuata wa pili. Ikafika saba, na hakuna hata mmoja uliotulia.

Nyuma yake daktari alikuwa ameshaanza.

"Shikamoo mzee. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo, baba," mzee wa bakora akaitika, na kalamu ikaandika.